Machale ya Noela

Mama Manal alikuwa amepiga funda moja tu la kahawa yake ya tangawizi, kama kila asubuhi kabla ofisi yake ya Kurasini haijaanza kelele, simu ilipoita. Alikuwa Jabiri, dalali wa malori.

"Malori manane, mama, mwenyewe anahama nchi. Ukisema ndiyo kabla ya adhuhuri, yako. Ukichelewa, kuna mtu amekaa hapa na kalamu mkononi."

Kahawa ikapoteza ladha. Benki ilikuwa radhi kumkopesha, ila dhamana ni nyumba ya Temeke, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Akikosea, atalala wapi?

Akawaita washauri wake wawili. Usama, mtoto wa kaka yake, hakuamini neno ambalo halijatoka kwenye ile akili bandia ya kompyuta yake. Noela, meneja wa usafirishaji, alishaapa kwamba mashine hataiuliza hata saa ngapi.

"Mie nasikilizaga machale yangu, mama," alisema Noela. "Naomba nikatulie kidogo nje."

"Na mie nikaiulize mashine," alisema Usama, akaikumbatia kompyuta na kuondoka.

Kupitia dirisha Mama Manal alimwona Noela kule getini, kichwa kimeinama, mikono kifuani, kidole gumba kikienda mbio kama cha mtu anayehesabu rozari. Anasali, maskini. Mara Usama akatokea, akamnong'oneza jambo. Noela akatikisa kichwa bila kuinua macho. Kijana huyu, hata sala ya mwenzake haheshimu.

Usama alirudi wa kwanza, jasho puani.

"Shangazi, mashine inasema tununue."

"Kwa nini?"

"Inasema... hata marehemu mzee angenunua."

"Imemjulia wapi marehemu?"

"Inajua mengi hiyo."

Noela akaingia, ametulia tuli. "Machale yangu yanakataa, mama. Kwanza, vipuri vya malori yale ni adimu. Pili, miezi ya mvua safari hupungua, na mkopo hausubiri kiangazi. Tatu, usiweke rehani kitu usichoweza kukikosa. Kwa ujumla, ni busara kusubiri."

Mama Manal alimtazama kwa mapenzi. Machale yaliyojipanga mstari namna ile hakuwahi kuyasikia maishani mwake.

Akapiga simu. "Jabiri, mpe huyo mwenye kalamu." Akakata, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Kisha akamgeukia Usama. "Umeona? Mashine haina uchungu na nyumba ya mtu. Kesho usiniletee tena hicho kidude hapa. Na kwenye meza yako atakaa Noela, yeye na machale yake."

Noela akaanza kukagua kucha zake.

Usama akaiweka kompyuta mezani.

"Shangazi, mashine usiionee. Niliyetaka tununue ni mie. Bando la intaneti liliniishia tangu asubuhi. Nilimfuata Noela pale getini anigawie lake, akaniambia nisubiri kwanza, mashine ilikuwa haijamaliza kumjibu."