Zamu ya Kudeki Ngazi

"Piga simu polisi, mama watoto, la sivyo napiga mimi!" Mume wangu alinisukumia gazeti kifuani.

"Punguza sauti. Jengo zima linakusikia."

"Mtu katoroka gerezani, wewe unamwita jirani?"

Picha ilikuwa yake kweli. Ni Kimya, mpangaji wa chumba cha mwisho. Mwezi uliopita binti yetu alibanwa na pumu, baba yake yuko kazini, na Kimya alimbeba mgongoni kutoka ghorofa ya nne mpaka hospitali, akikimbia peku. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungempoteza.

Nilifungua mlango nikamwambie akimbie. Mwenye akili angekuwa ameshaondoka tangu alfajiri. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi, anadeki, kwa sababu leo ni zamu yake.

Askari wawili walikuwa wanapanda, mmoja ameshika gazeti lile lile. Kimya hakuinua uso. Alikamua tambara mpaka mishipa ya mkono ikamtoka, na maji meusi yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mama, huyu ni nani?" aliuliza askari mwenye gazeti.

Nyuma yangu mume wangu alivuta pumzi ili aseme. Nilimkanyaga kidole cha mguu, kwa nguvu.

"Ni shemeji yangu," nilisema. "Na nyie msinikanyagie ngazi, bado mbichi! Shemeji, hayo maji si machafu? Shuka ukayamwage."

Kimya akachukua ndoo, akapita katikati yao, akashuka.