Kaburi Kwenye Ramani

Mvua za masika zilikuwa zimekibeba kibao cha kaburi la mama yao, na tuta lenyewe lilikuwa likididimia. Wiki chache zaidi, hakuna ambaye angelitambua. Mwanaidi alisimama kwenye tope, akaandika kwenye simu anwani ya ramani, na mwishoni akaongeza namba mbili za mahali pale, ya latitudo na ya longitudo. Akamtumia kaka yake, Shebe, ambaye siku ya mazishi alikuwa kazini ng'ambo, na tangu hapo kila akipiga simu huuliza mama kalala wapi.

Simu ikalia papo hapo.

"We Mwanaidi, mama umemzika Uhabeshi?"

"Uhabeshi gani tena, kaka?"

"Ndiko linki yako inakonipeleka. Milima mitupu!"

Mwanaidi aliitazama linki, akaguna. Alisahau kuweka alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza, na bila alama hiyo ramani huvuka ikweta kwenda kaskazini. Tangu amalize kumuuguza mama, hata chumvi kwenye mchuzi alikuwa akiisahau. Akarekebisha, akatuma tena.

Shebe akaifungua.

"Naona nyasi tu," alisema. "Na kijia cha mbuzi."

"Hiyo picha ya setilaiti ni ya zamani. Ilipigwa kabla hatujamzika."

"Kwa hiyo hapa mama yuko hai."

"Yuko hai, kaka."

"Basi usiondoke kwanza, mdogo wangu. Simama hapohapo, nikutazame."

Miguu ilikuwa ikimuuma. Mwanaidi akajifunga vizuri kanga yake, akainua uso mbinguni, akatulia kama mtu anayepigwa picha.