Unga wa Lamunu

Okeny alifunga mlango, akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia na kuanza kusaga ulezi mchana kweupe. Mkewe, Lamunu, alikaa kando yake akiimba kwa sauti, ili wapitao nje wadhani anayesaga ni yeye.

"Taratibu," Lamunu alinong'ona. "Unasaga kama unapigana na mtu."

"Wewe imba."

Pale kijijini, nje kidogo ya Gulu, mwanamume akikutwa amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia atachekwa mpaka aingie kaburini. Lakini Lamunu alitoka kwenye Ebola akiwa na mikono isiyoweza hata kushika mwiko, na mama yake Okeny alishasema wazi kwamba mke asiyeweza kusaga arudi kwao. Basi Okeny akawa anasaga yeye. Juzi mama aliusifu unga ule kwa ulaini, naye Okeny akashangaa, maana alikumbuka kuuacha na chenga.

Kuchekwa angekuvumilia. Kilichomla moyo ni sifa. Kijiji kizima kilimsifu kwamba mkewe alipozidiwa, alitoka mbio kuita gari la hospitali. Mbio alitoka kweli, ila alikimbilia Lira kwa rafiki yake, kwa woga, akamwacha Lamunu sakafuni amezimia. Gari lilimkuta Lamunu katika kuzunguka kwake likitafuta wagonjwa.

Alasiri Sista Laker akafika. Yeye ndiye muuguzi aliyewazungukia waliopona Ebola, kuona kila mmoja amerudia kazi zake za nyumbani kwa kiasi gani. Mama mkwe akaja kutazama, na majirani nyuma yake.

"Anasaga mwenyewe, Sista," Okeny aliharakisha kusema.

"Hilo unaniambia kila nikija. Leo sitaki kuambiwa, nataka kuona."

Lamunu aliinuka kutoka chini bila kushikwa. Akatwikwa dumu la maji kichwani, akaenda nalo mpaka zizini na kurudi. Kisha Sista akamwaga ulezi juu ya jiwe.

Lamunu akapiga magoti. Akaligusa jiwe, kisha akairudisha mikono mapajani na kuinamisha kichwa.

"Si nilisema?" mama mkwe akasema. "Afungashe leo leo. Mwanangu atakufa njaa kwa huruma zake."

"Mama, huo unga unaousifu nasaga mimi," Okeny akasema.

"Basi kesho njoo unisagie na wangu," jirani mmoja akamtania, na watu wakaangua kicheko.

"Nitakuja. Lakini sikieni na hili. Gari sikuita mimi. Niliogopa kufa, nikakimbilia Lira, nikamwacha hapo chini peke yake. Kama kuna wa kufungasha, ni mimi."

Kicheko kikakatika. Okeny alikodolea macho vidole vya miguu yake. Aliona aibu hata kumtazama mkewe.

Ndipo aliposikia jiwe. Lamunu alikuwa anasaga kwa nguvu, bila kupumzika, na unga ukashuka laini mpaka ulezi wote ukaisha.

Sista akamwinamia. "Mikono hii imepona lini?"

"Tangu mavuno ya ufuta," Lamunu alijibu, akijipangusa vidole. "Siku ile aliponikimbia sikuwa nimezimia, Sista. Nilikuwa namngoja aseme."