Chupa Mbili za Mawifi

Asubuhi hiyo chupa ya wifi ilitoa povu kama beseni la kufulia. Ya Mama Polima, hata uitikise vipi, ilikaa kimya kama maji ya mtungi.

"Yako imelala, wifi yangu," alisema dada wa mumewe kwa madaha. "Iamshe basi!"

Mama Polima akacheka kwa meno tu. Mwaka mzima walikuwa wakipimana ubavu katika maabara moja, kila mmoja akiunda kimeng'enya bandia cha kuvunja sumu ya wadudu iliyoingia majini. Yeye alitumia polima, aina ya plastiki iliyoyeyushwa. Wifi alitumia sabuni. Leo mkuu wao angetia sumu katika chupa zote mbili. Maji yakigeuka manjano, sumu imevunjika. Mshindi angebaki na meza, na mwenzake angehamia chumba cha chini kupima maji taka. Yeye azikwe huko, wifi abaki juu anacheka? Thubutu!

Simu ikaita. Mumewe.

"Kapokee nje," wifi alimhimiza. "Unamjua kaka, hapendi kungojeshwa. Chupa yako nitakuchungia."

Aliporudi, wifi alikuwa mpole ajabu, akaaga anakwenda kunywa chai.

Mlango ulipofungwa tu, shetani akamwingia Mama Polima. Mle ndani kila mtu alijua kuwa polima na sabuni havikai chungu kimoja, ukichanganya, umeharibu. Akavuta polima yake kwa bomba la sindano, akaidondoshea kwenye chupa ya wifi, kisha akarudi kitini kujipepea.

Mchana mkuu akaja, akatia sumu. Wakasubiri.

Chupa ya wifi ikageuka manjano, manjano ya kiini cha yai. Jamani, ndiyo nini tena hii? Kabla hajapata jibu, na yake ikageuka, manjano vilevile!

"Mtaniua kwa furaha nyie!" Mkuu alipiga makofi. "Hahami mtu hapa! Hebu zitikiseni, tuone kama rangi inadumu."

Wifi hakugusa chupa yake. Ghafla alikuwa ameona kitu cha kutazama huko juu darini.

Mama Polima akaitikisa ya kwake. Ikajaa povu mpaka shingoni.