Chumba cha Tarumbeta

Mwaka wa Uhuru, mume wangu Yahaya alinionyesha chumba cha muziki katika nyumba aliyokuwa akijenga Igoma. Hakikuwa na dirisha. Kuta zilijazwa pamba, komeo likawa nje, wezi wasije wakaiba ngoma.

"Humu nitapiga tarumbeta, bibi harusi wangu mpya aimbe. Jirani hasikii kitu."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Wewe rudi kwenu, mama. Umeshazeeka."

Nikacheka. "Basi ingia upige, baba, tupime kama pamba inatosha."

Akaingia, mashavu yamevimba tayari. Nikasukuma komeo, nikabandika sikio mlangoni. Sikusikia hata mluzi.

Fundi akaja na toroli la matofali.

"Shikamoo, mama. Bwana yupo?"

"Marahaba. Amesafiri. Kasema mlango huu uuzibe."