Jua la Nyatike

Maji ya mto Kuja yalipoingia wodi ya wazazi saa nne asubuhi, nesi Trizah alicheka mpaka akashika ukuta. Vitanda vyote vilikuwa vitupu.

Juzi, jua likiwaka, alikuwa amefungua takwimu za mvua kwenye simu. Hapa Nyatike, hakuna kitu. Akasogeza ramani kwa kidole hadi milima ya Kisii, mto unakotoka. Kote buluu, mvua ya kutisha.

Akawahamishia wajawazito wote kanisani, juu ya kilima cha hapo jirani.

“Sister, unatusumbua bure na jua hili!” mmoja alinung'unika njia nzima.

Sasa ndiye aliyepiga simu, na kando yake kichanga kikilia.

“Ni msichana! Tumemwita Achieng, maana huku juu jua bado linawaka. Lakini Sister, nilisahau kandambili zangu chini ya kitanda.”

Trizah alikuwa anaitazama moja, ikielea taratibu kuelekea mlangoni.