Kigoda cha Mkalimani

Farjala alifika mahakamani na koti lake jeusi, akapanda kigoda chake kati ya hakimu na kizimba. Hakuna aliyemwambia asije. Juu ya kigoda hichohicho baba yake alitafsiri lugha ya watawala wa kwanza. Yeye akatafsiri lugha ya waliowafukuza hao. Sasa nao walikuwa wameondoka, na hii ilikuwa asubuhi ya kwanza kesi kusikilizwa kwa lugha ya mji.

Bi Mashavu, aliyenyang'anywa kisima na jirani yake, aliingia kizimbani. Ukingo ulimfika puani. Kama watu wote siku zote, hakumtazama hakimu. Alimgeukia mkalimani.

"Mwambie kisima kile alikichimba marehemu baba."

Farjala alifungua kinywa, akakifunga. Hakukuwa na cha kutafsiri.

"Mwambie mwenyewe, dada. Anakusikia."

"Mimi?"

"Nakusikia, mama," alisema hakimu.

Bi Mashavu alimtazama Farjala kana kwamba amemtupa mkono. Farjala akashuka, akakinyanyua kigoda kilicholika kwa nyayo za baba na mwana, akakiweka kizimbani miguuni pake.

"Panda. Wamwone anayesema."

Akapanda. Uso wake wote ukatokeza juu ya ukingo. Akatengeneza ushungi, akamtazama hakimu machoni.

"Naitwa Mashavu binti Kheri," alianza, na sauti yake ikafika hadi barabarani.

Farjala alibaki sakafuni, amenyooka, vifungo vyote vya koti vimefungwa, akisikiliza.